Vyakula Vyetu na Vilikotoka

Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imeniomba niandike kurasa chache juu ya vyakula, mimea na wanyama wa kwetu, "mambo ya kuelimisha na kuchekesha," kwa maneno ya barua yao, ili vijana wapate la kusoma wakishamaliza kutazama picha za arusi. Nimeitikia kwa furaha. Mtu aliyesomesha historia na jiografia zaidi ya miaka 30 hapa Maskati, kisha akastaafu, hana tamaa kubwa kuliko kupata darasa jingine la kukaa kimya mbele yake. Ila wenzangu wa kamati wanajua, nami sioni haja ya kuficha, kwamba ombi hili limetokana na ugomvi wa muhogo.

Waliokuwapo watakumbuka. Tulikaa kupanga chakula cha siku ya familia. Pilau ikapita, biriani ikapita, sambusa na kachori hazikuhitaji hata mjadala. Kijana mmoja akasema tuweke na muhogo wa nazi kwa papa, kwa sababu hicho ndicho chakula chetu khasa cha asili. Mama mkubwa wangu, ambaye kwa umri ndiye mkubwa wa mkutano ule wote, akasema, "Muhogo hautolewi mbele za watu. Ule ni ulaji wa watumwa." Watu wakanyamaza. Baadaye wakagombana sana, lakini juu ya gharama ya papa na nani atakwenda kumnunua. Neno lile la mama mkubwa hakuna aliyeligusa. Na mimi mwalimu nilinyamaza kama wengine.

Basi nianze na kijana, maana kosa lake ni jepesi. Muhogo si wa asili ya Unguja, wala ya Pemba, wala ya mrima. Ni mmea wa Amerika ya Kusini. Watu wa Brazili walikuwa wakiupanda zamani sana kabla Wareno hawajatia mguu kwao mwaka 1500. Wareno ndio waliouvusha bahari, wakaufikisha pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16. Upande wetu ulichelewa. Visiwa vya Wafaransa vina mkono katika habari hii, kwani gavana wao La Bourdonnais, aliyekuwa Mauritius toka 1735 mpaka 1746, aliupanda kule kwa ajili ya kulisha watumwa wa mashamba, na majahazi kati ya visiwa hivyo na pwani yetu yakawa mengi katika karne ile ya 18. Wazungu waliofika Unguja katikati ya karne ya 19 waliukuta umekwisha kuwa chakula cha kila siku cha maskini.

Tazama sasa hicho chungu cha kijana wetu. Muhogo umetoka Brazili. Nazi ilikuja kutoka pwani na visiwa vya Asia. Pilipili ni ya Amerika, haikuonekana upande wetu wa dunia kabla ya safari ya Columbus ya 1492. Ndimu ni ya Asia. Na papa mkavu ni wa huku huku tuliko sasa, alikuwa akiletwa na majahazi ya Sur na ya pwani nyengine za Uarabuni pamoja na tende na nguru wa chumvi, yakishuka na kaskazi kuanzia Disemba, yakipanda na kusi yamejaa boriti na nazi. Ukitoa maji na moto, sijui nini ndani ya chungu kile tungeweza kusema kimezaliwa Unguja.

Wala majina yasikudanganyeni. Mahindi kwa jina lake ungedhani yametoka India, na pengine wazee waliyaita hivyo kwa kuwa kila kilichokuja kwa bahari ile kilihesabiwa ni cha Hindi. Kumbe asili yake ni Meksiko, na walioyaleta ni Wareno. Bata mzinga naye ni mzaliwa wa Amerika, lakini Waingereza wakampa jina la Uturuki, Wafaransa wakamwita kuku wa India, na Waturuki wenyewe, waliosingiziwa, wanamwita "hindi." Kiazi Ulaya si cha Ulaya, ni cha milima ya Peru. Chungwa kwa Kiarabu huitwa "burtuqal," yaani Ureno, kwa sababu Wareno waliuza machungwa matamu. Lakini watu wa Vasco da Gama walipofika Mombasa mwaka 1498 waliandika kuwa machungwa ya pale ni mazuri kuliko ya kwao Ureno! Pilipili manga haioti Manga. Ni ya Malabari, ila waliotuletea walikuwa Wamanga, na mnunuzi humtazama mwenye jahazi, hamtazami mkulima. Komamanga angalau lina haki na jina lake, maana kila aliyepanda Jabal Akhdhar amekula makomamanga ya kule na anajua. Shelisheli linasema wazi lilikopitia, na bata bukini pia, kwani Bukini ndiyo Madagaska.

Ajabu kubwa kwangu ni ukwaju. Huu ni mti wa Afrika kwa asili yake, unaota porini bila ya kupandwa na mtu. Waarabu wakaukuta umekwisha kuzoeleka India, wakauita "tamr hindi," tende ya Kihindi, na Wazungu wakalichukua jina hilo hilo wakaligeuza kwa ndimi zao. Kwa hiyo mahindi, mgeni kabisa, tumeyapa uraia wa India, na ukwaju, mtoto wa nyumbani, amepewa pasi ya India vile vile. Wanafunzi wangu walikuwa wakilicheka hili kila mwaka, na kila mwaka nilililitia katika mtihani.

Kama tunatafuta vyakula vya Afrika khasa, tutafute mtama, uwele, wimbi, kunde na njugu mawe. Tikiti pia ni la Afrika. Kahawa ni ya Uhabeshi, ikavuka kwenda Yemeni, kisha ikarudi kwetu katika mdila ikiwa ya Kiarabu. Wachimbuaji waliofukua magofu ya Pemba wameona mbegu zilizoungua katika majiko ya kale. Tumbe, iliyokaliwa kabla ya mwaka 1000, chakula kikubwa kilikuwa uwele. Chwaka ya pale pale jirani, iliyofuata baada yake, mchele umeshika nafasi. Kwa hivyo Mpemba ambaye leo haridhiki mpaka ale wali, ana babu aliyekula uji wa uwele akashiba.

Na wali wenyewe? Ni wa zamani kwetu, lakini nao ni mgeni, umetoka Asia. Ibn Batuta alipita pwani yetu mwaka 1331. Maqdishu alitandikiwa wali uliopikwa kwa samli, na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya malimau na ya pilipili, na tangawizi mbichi na maembe. Hapo mwanafunzi mwerevu ataniuliza: pilipili zilitoka wapi, na Amerika bado haijajulikana? Zile zilikuwa za jamii ya pilipili manga. Mombasa alilala usiku mmoja tu, akaona watu wanakula zaidi ndizi na samaki, na nafaka wanaletewa kutoka nchi za jirani.

Pemba ilikuwa moja ya ghala za Mombasa. Kwa karne nyingi mchele wa Pemba ulipandishwa majahazini kwenda kuwalisha Wamvita. Leo hadithi hiyo mtu haiamini, na sababu ni karafuu. Mfaransa aliyeitwa Pierre Poivre, ambaye jina lake kwa kwao maana yake ni pilipili manga, ndiye aliyefanya hila mpaka miche ya karafuu ikaibwa Maluku kwa Waholanzi na kufika Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vya Wafaransa ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan alipoona faida yake akaihimiza kwa nguvu, na husimuliwa kwamba wenye mashamba waliamrishwa kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, vilima vya Unguja na Pemba vikageuka mikarafuu, na visiwa vilivyokuwa vikiuza mchele vikaanza kuununua nje, India na kwengineko.

Hapa ndipo neno la mama mkubwa linapoingia, na hapa sitaki kupita mbio kama nilivyokuwa nikipita darasani.

Mikarafuu haikujipanda. Iliyopandwa na kuchumwa katika karne ile ilipandwa na kuchumwa na watumwa waliotolewa bara, kutoka nchi za Wayao, Wanyasa na wengineo, na wengi wao waliletwa wakiwa watoto. Bwana hakuwanunulia mchele wa dukani. Aliwapa kipande cha ardhi wajilimie, na desturi ya Unguja ilikuwa kuwaachia Alhamisi na Ijumaa kwa kazi yao wenyewe. Sasa fikiria: mtu mwenye siku mbili katika wiki, na jembe, na ardhi ambayo wakati wowote anaweza kuhamishwa, atapanda nini? Mpunga unataka palizi na kulindwa ndege mchana kutwa. Muhogo unataka kijiti cha shina kuchomekwa ardhini. Ukikosa mvua huvumilia. Nzige wakija watakula majani, chakula kimebaki chini. Ukikomaa hauna haraka, unaweza kukaa mwaka na nusu ardhini au zaidi, unachimbua kwa kadiri ya njaa ya siku ile. Mwizi hawezi kuubeba wote usiku mmoja. Hakuna ghala, na kwa hivyo hakuna wa kulifunga kwa ufunguo. Walioutafuta mmea wa kumfaa mtu asiye na wakati na asiye na mali hawakupata mwengine kama huo.

Na haukuwa chakula cha mjinga. Muhogo una sumu, sianidi ile ile ya wakemia, na muhogo mchungu usipojua kuutengeneza unaua. Mbuzi akivamia majani mabichi ya aina hiyo unaweza kumkuta amekufa. Kumenya, kuroweka, kukausha makopa juani, kutwanga kisamvu na kukichemsha muda mrefu, hayo yote ni elimu, na Wahindi wa Brazili waliipata zamani sana. Huko Brazili nako watumwa wa Kiafrika waliletwa wakalishwa unga wa muhogo, kwa hiyo mmea huu na utumwa vimesafiri pamoja pande zote mbili za Afrika. Mama mkubwa hakukosea historia. Alisema kweli tupu, na sisi tulionyamaza tulijua ni kweli.

Lakini kuna jambo jengine nalo ni kweli, na wengi wa wasomaji wa kitabu hiki wanalo la kufanana nalo majumbani mwao. Mama yake babu yangu mzaa mama aliletwa Unguja kutoka bara akiwa msichana mdogo, na akawa suria katika nyumba yetu. Amri ya kufuta utumwa iliyotoka mwaka 1897 haikuwagusa masuria, wao waliachwa mpaka 1909. Mtoto wake alizaliwa huru, kwa sheria ya dini, akarithi kama ndugu zake, na sisi sote ni wajukuu na vitukuu wa tumbo lile. Katika shajara ya ukoo iliyopigwa chapa mwanzoni mwa kitabu hiki miaka kadhaa sasa, mababa wote wameandikwa mpaka Rustaki. Pale penye jina la mama huyu pana mstari mtupu.

Niliona si adabu kuyaandika haya bila ya ruhusa. Nikaenda kwa mama mkubwa, nikamsomea kurasa hizi neno kwa neno, kama tulivyokuwa tukimsomea mwalimu chuoni, na moyo wangu ulikuwa ukinipiga vile vile. Aliposikia habari ya Peru na bata mzinga alicheka. Nilipofika kwa yule bibi, alitazama chini. Kumbe bibi yule ndiye aliyemlea. Alikuwa hai mpaka mama mkubwa akawa msichana wa miaka 12. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikuuchukia muhogo. Bibi mwenyewe ndiye aliyetukataza. Akila makopa yake jikoni, na kisamvu, peke yake, mlango kaurejesha. Akisikia hodi huweka sahani chini ya kinu. Wageni wakiingia, wali. Hata mwaka wa vita mchele uliposhindikana, alikopa kibaba kwa jirani ili mgeni asione."

Mwaka huo wa vita mama mkubwa alikuwa mtoto mdogo. Wajapani waliiteka Burma mwaka 1942, na mchele wa Burma uliokuwa ukiletwa kwetu ukakatika. Unguja nzima ikarudi kwenye muhogo na mahindi, wenye mashamba na wasio na mashamba. Mimi nami nilizaliwa baadaye, lakini ninakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ukiwa wa foleni. Tukitoka skuli mchana tulikuta muhogo, usiku tulikuta muhogo, na asubuhi ule uliobaki na chai. Ramadhani peke yake ndiyo iliyoupa cheo, kwa kuwa futari bila ya muhogo wa nazi si futari, na mwezi ule hakuna aliyeona haya. Mwezi ukiandama tu, muhogo ulirejea jikoni.

Nilimuuliza mama mkubwa kama niandike jina la bibi yake, tupate kuujaza ule mstari. Alifikiri kitambo. Akasema, "Andika habari yake. Jina usitie. Lile tulilokuwa tukimwitia alipewa sokoni. La mama yake hakulisema."

Basi nimeacha.

Nirudi huku tuliko, maana kamati iliomba na mambo ya kuchekesha. Muhogo tunaoununua hapa Maskati mara nyingi hautoki kwetu, unatoka Kerala, ukiwa mbichi au wa barafu. Muuzaji Mmalayali ananiita mwalimu na kuuita "kappa," naye anaamini ni chakula cha mababu zake tangu na tangu. Nilimwambia kuwa anayetajwa sana kwa kuueneza kwao ni mfalme wa Travancore, Visakham Thirunal, aliyetawala toka 1880 mpaka 1885, na kwamba kabla yake ulikuwa haujulikani sana. Hakunipinga, ila tangu siku ile hanipunguzii bei. Uingereza nako, Wahindi waliohama Afrika Mashariki wameuchukua na jina lake la Kiswahili, wamelikata kidogo, wanauita "mogo." Kitu kilichotolewa Brazili na Mreno leo kinauzwa London na Mhindi kwa jina la Mswahili.

Nazi, msisumbuke kuziagizia mbali, Salala zinaota. Ibn Batuta aliikuta minazi Dhofari miaka 700 karibu iliyopita, pamoja na tambuu, akaieleza kirefu. Alistaajabu pia kuona wanyama wa kule wanalishwa dagaa wakavu. Desturi hiyo ingalipo Dhofari, kwa ng'ombe na ngamia. Mara ya kwanza niliponywa maziwa kwa mwenyeji mmoja wa huko nilidhani kikombe hakikuoshwa vizuri.

Siku ya familia ikafika. Pilau ilikuwapo, na biriani. Mwisho wa meza vijana walitenga sufuria moja ya muhogo wa nazi kwa papa, bila ya kuuliza mtu, na karibu yake kisamvu. Kwa saa sita mchana sufuria lilikuwa halina kitu, na wa kwanza kumaliza walikuwa watoto waliozaliwa huku, ambao Unguja wameiona likizoni tu. Mama mkubwa alikaa kitini pake karibu na mlango. Hakula. Mjukuu wake alimpitia na sahani, akaitazama, akaomba kijiko, akaonja mchuzi peke yake. Kisha akauliza kama tui ni la nazi ya kukuna au ni la kopo. Alipoambiwa ni la kopo alirudisha kijiko, akasema mwakani watie nazi ya Salala, na atakuja mapema kuikuna mwenyewe.